Ruzuku Ikiingia Desemba, Kodi Yake ni ya Mwaka Gani?

Singida mvua ni za msimu mmoja. Zikianza kushika mwishoni mwa Novemba au Desemba, mkulima wa alizeti wa Ilongero na wa mtama wa Ikungi wanaingia shambani, na magunia hayaonekani ghalani mpaka Mei au Juni. Mwaka wa kodi hauna habari na mvua hizo. Unaanza 1 Januari na kuishia 31 Desemba, na mtu binafsi hawezi kuuomba usogee ufuate msimu wake. Kwa hiyo msimu mmoja wa Singida, ukifika mezani kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, unakatwa mapande mawili: kulima, mbegu na mbolea vinaangukia mwaka huu, mauzo yanaangukia mwakani. Ruzuku nayo, kwa kuwa hutolewa ili imkute mkulima kabla ya kupanda, hupenda kudondokea pale pale penye mkato.

Ndiyo maana swali la "je, ruzuku inatozwa kodi?" ambalo wakulima huulizana sana ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili, ambayo ndiyo huumiza mfuko, ni "inatozwa lini?"

Kwanza tuwatoe hofu walio wengi. Mkulima ambaye mauzo yake ya mwaka mzima hayazidi shilingi milioni 4 hadaiwi kodi ya mapato. Mwenye mauzo ya juu ya hapo hadi milioni 100, akiwa ni mtu binafsi na hana mapato mengine, anaingia kwenye utaratibu wa makadirio unaohesabu kwa mauzo ghafi, wala haulizwi faida. Dari hiyo ya milioni 100 imewekwa na Sheria ya Fedha ya 2019. Kabla ya hapo ilikuwa milioni 20. Anayevuka dari hiyo, pamoja na kampuni yoyote hata kama ni ya ukoo na ina eka 30 tu, anatakiwa kuandaa hesabu kamili za faida na hasara. Na usichanganye kodi hii na ushuru wa mazao unaokusanywa na halmashauri getini. Ule una sheria yake, na stakabadhi yake haichukui nafasi ya kodi ya mapato.

Sasa tuanze na ruzuku ambayo karibu kila mtu ameigusa, ile ya mbolea. Mpango wa sasa ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan kwenye maonyesho ya Nane Nane jijini Mbeya, 8 Agosti 2022, Serikali ikiwa imetenga shilingi bilioni 150. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea uliokuwa umepanda kupita 120,000 ukashuka hadi 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha na kupewa namba. Fedha ya kufidia tofauti hiyo haikupita mkononi mwa mkulima. Ilikwenda kwa kampuni iliyoleta mbolea.

Hapo jibu ni jepesi: andika ulichotoa mfukoni. Umenunua mifuko 10 kwa 70,000 kila mmoja, gharama yako ni 700,000, basi. Wapo wanaojitia uaminifu wa ziada wakaandika ile nafuu ya 50,000 au 60,000 kwa kila mfuko kuwa mapato, halafu wakaandika bei kamili kuwa gharama. Kwa mwenye hesabu kamili, namba hizo mbili zinafutana, amejichosha bure. Kwa aliye kwenye makadirio ni hasara tupu, kwa sababu makadirio hayatazami gharama. Amejivimbishia mauzo ghafi kwa fedha ambayo hakuwahi kuishika. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kulipa 70,000 na kudai gharama ya 130,000 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa bei ya dukani kwa asiyesajiliwa. Hiyo ni hesabu ya uongo, na risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) ya wakala wa mbolea itakuumbua. Ukipewa risiti, isome kabla hujatoka dukani. Iwe na kiasi ulicholipa wewe, na jina lako liwe lile lile la kwenye usajili.

Mbegu za alizeti za bei ya ruzuku, zile ambazo Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, alisambaza tangu Serikali ilipoamua mwaka 2021 kuisukuma alizeti katika mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu, zinafuata njia hiyo hiyo. Nafuu ya bei hujionyesha yenyewe kwa njia ya gharama ndogo, na kodi yake inaonekana siku unapouza alizeti, mwaka unaouza. Huna haja ya kuitafutia tarehe.

Tarehe inaanza kuwa na kazi pale fedha au kitu kinapokuja mikononi mwako. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, katika kifungu cha 8 kinachoeleza mapato ya biashara, inataja pia zawadi na malipo ya hisani ambayo mtu anayapata kuhusiana na biashara yake. Ni kweli kwamba Jedwali la Pili la sheria hiyo linasamehe zawadi na urithi, lakini msamaha huo unaishia pale zawadi inapoangukia kwenye hesabu ya biashara. Maneno ya "lakini huu ni msaada tu" hayakuokoi basi. Swali linaloamua ni moja: umepewa kwa kuwa wewe ni nani? Ukipewa kwa kuwa ni mkulima, ili ulime, ni ya biashara. Ukipewa kwa kuwa kaya yako haina uwezo, kama ilivyo kwa walengwa wa TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, ni fedha ya nyumbani. Mlengwa wa TASAF akinunua kuku wa kienyeji kwa fedha hiyo, mapato yake ya biashara ni yale atakayopata akiuza kuku au mayai. Ile fedha ya kuanzia haiguswi.

Mkopo si mapato hata ukiitwa "uwezeshaji" na kukabidhiwa kwa nyimbo na picha. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inarudishwa. Kupokea hakukupi mapato, na kurejesha hakukupi gharama. Siku deni likifutwa kwa barua, hapo ndipo swali la kodi linapofufuka, na tarehe yake ni ya barua hiyo.

Tuje sasa kwenye tarehe zenyewe. Mtu binafsi anayefanya biashara ana ruhusa ya kuchagua kuandika hesabu kwa taslimu au kwa stahili. Kampuni haina uchaguzi, ni stahili. Kwa taslimu, mapato ni ya siku yalipofika au yalipowekwa mahali unapoweza kuyachukua. Kwa stahili, ni ya siku ulipopata haki ya kuyadai, hata kama fedha yenyewe bado iko njiani. Ukishachagua, usirukeruke, kubadilisha kunahitaji idhini ya TRA.

Tuyapime maneno haya kwa mfano wa simu yako. Tarehe 29 Desemba umepokea ujumbe kwamba shilingi milioni 2 za mradi zimeingia. Wakala wa mtaani hana salio, sikukuu zimepamba moto, wewe unakwenda kuzitoa 4 Januari. Kwa anayeandika kwa taslimu, fedha hizo ni za Desemba. Ziliwekwa mahali ungeweza kuzichukua. Kutokuzigusa hakuzihamishi mwaka. Kinyume chake, kama mradi ulikuandikia Novemba kwamba umechaguliwa na utalipwa, na fedha ikaja Machi, mwenye taslimu ataandika Machi. Mwenye stahili atatakiwa kuisoma ile barua ya Novemba kwa utulivu: je, ilimpa haki kamili, au ilimpa matumaini tu?

Utamu na uchungu wa jambo lote umo katika masharti. Barua nyingi za ruzuku, ukizisoma hadi ukurasa wa mwisho ambao watu huusaini bila kuugeuza, zina masharti ya aina mbili. Yako ya kutimiza kabla ya kulipwa: uwe umetayarisha eka kadhaa, uwe umechangia asilimia fulani, afisa ugani awe amekagua na kusaini. Hayo yakiwa bado, huna haki ya kudai, na kwa njia ya stahili huna cha kuandika. Siku afisa ugani anaposaini fomu ndiyo siku ya mapato, siyo siku ya semina wala ya uzinduzi.

Halafu yako masharti yanayokufuata baada ya kulipwa: usiuze mtambo kwa miaka 3, usibadilishe zao, la sivyo unarudisha. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, ambavyo bodi ya wahasibu nchini, NBAA, imevikubali, vina cha kufundisha hapa. Kiwango namba 41 kinachohusu kilimo kinatoa mfano wa mkulima aliyepewa ruzuku kwa sharti la kulima mahali fulani kwa miaka 5, na akiondoka kabla, arudishe yote. Kiwango kinasema ruzuku hiyo haihesabiki kuwa mapato mpaka miaka 5 iishe. Lakini kama makubaliano yanamruhusu kubaki na sehemu kwa kadiri muda unavyopita, ataihesabu kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Tofauti ya mistari miwili kwenye mkataba inageuza hesabu nzima. Kwa kampuni ya kilimo inayoandika kwa stahili, hapo ndipo mhasibu anapostahili ujira wake.

Kwa mkulima wa taslimu, sharti la kurudisha halimsaidii kuahirisha. Fedha imeingia, ni yake ya mwaka huo. Akilazimika kuirudisha baadaye, marekebisho anayafanya mwaka anaporudisha. Hili watu hulisahau, kisha hushangaa kudaiwa kodi ya fedha ambayo "bado siyo yangu kabisa".

Chukua mfano wa kubuni, lakini wa kila siku. Mkulima wa vitunguu mwenye mauzo ya kupita milioni 100, anaandika hesabu kamili kwa taslimu. Tarehe 18 Desemba mradi unamwingizia milioni 6 za kununua pampu ya sola na mabomba. Muuzaji hana mzigo, pampu inafika na kufungwa Februari. Mwaka wa kwanza ana mapato ya ziada ya milioni 6 bila gharama ya kuyapunguza. Mwaka wa pili ana gharama kubwa bila yale mapato. Mitambo inayotumika katika kilimo inaruhusiwa kukatwa uchakavu wa asilimia 100, maana yake thamani yote inaweza kuondolewa mwaka ule ule inapoanza kazi. Kwa hiyo kama pampu ingefungwa kabla ya 31 Desemba, milioni 6 zingeingia na milioni 6 zingetoka. Kwa kuchelewa wiki chache amelipa kodi mapema, na nafuu yake ataipata mwakani iwapo ana faida ya kuikatia. Akiwa na hasara, ataibeba mbele, na hasara ya kilimo inabebwa kupunguza faida ya kilimo tu. Duka lake la mjini haliguswi. Kuirudisha nyuma mwaka uliopita, haiwezekani.

Dawa ipo, na ni halali. Kabla ya kusaini, uliza fedha zitatoka lini. Kama mtambo hauwezi kufika kabla ya mwaka kuisha, omba malipo yafanyike Januari, au mradi umlipe muuzaji moja kwa moja siku ya kukabidhi. Ombi hilo liwe la maandishi na liende kabla haki yako haijaiva. Kumwomba afisa mradi abadilishe tarehe ya fomu baada ya fedha kuingia ni kitu kingine, na sitakushauri ukikaribie.

Ukipewa mtambo wenyewe badala ya fedha, thamani yake ni bei ya soko siku ya kukabidhiwa. Omba hati ya makabidhiano yenye tarehe na thamani. Kisha chagua mwenendo mmoja: kama thamani hiyo umeihesabu kuwa mapato, una hoja ya kudai uchakavu wake. Kama hukuihesabu, usidai uchakavu wa fedha ambayo hukuitoa wala hukuitangaza. Kula pande zote mbili ndiko kunakoleta wakaguzi. Na ukitaka kusimama kwenye hoja kwamba ruzuku ya mtambo ni mtaji na siyo mapato, wapo wataalamu wanaoitetea, lakini usiisimamie kimoyomoyo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa mlipakodi nafasi ya kumwandikia Kamishna Mkuu na kuomba uamuzi kuhusu jambo lake mahsusi. Kwa ruzuku ya milioni 50 ni barua yenye thamani. Kwa ruzuku ya laki 5, usijisumbue.

Vikundi vinahitaji aya yao. Mashine ya kukamua alizeti ikitolewa kwa kikundi cha watu 25, siyo ya mwenyekiti, hata kama imefungwa uani kwake. Fedha za kikundi zikipitia kwenye simu ya mweka hazina siyo mapato yake, lakini taarifa ya simu itaonyesha zimeingia kwake, na atakayeulizwa ni yeye. Fungueni akaunti ya benki ya kikundi. Mkishindwa, muhtasari wa kikao unaosema fedha ni za nani, zimepokelewa lini na zimegawanywaje, uandikwe siku hiyo hiyo, siyo siku ya ugomvi. Mwanachama anayegawiwa sehemu yake aiandike tarehe aliyogawiwa. Vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, AMCOS, navyo vina msamaha wao wa kodi vikiwa na mauzo madogo. Muulizeni afisa ushirika kabla ya kudhani mmo.

Manyoni na Itigi kuna fedha ya aina yake: malipo ya Serikali kwa waliovamiwa na tembo. Kanuni za mwaka 2011 zinayaita kifuta jasho na kifuta machozi, na kwa makusudi haziyaiti fidia. Fidia ya kweli hubeba sura ya kile kilichopotea: bima ikikulipa kwa mtama ulioungua na jua, imechukua nafasi ya mauzo ya mtama, na ni mapato ya siku ilipolipwa au ilipokubaliwa, kufuatana na njia yako ya hesabu. Kifuta machozi kinachotolewa kwa aliyefiwa hakina uhusiano wowote na biashara. Kifuta jasho cha shamba kimekaa katikati, na maoni yangu ni kwamba mwenye hesabu kamili akiandike pamoja na mapato ya shamba, kwani kiasi chake ni kidogo na hakistahili ubishi.

Hapa wenzetu wa Marekani wana busara ambayo ningependa kuiona kwetu. Mkulima wao anayeandika kwa taslimu, akilipwa bima ya mazao yaliyoharibika, anaweza kuomba malipo hayo yahesabiwe mwaka unaofuata, iwapo kwa kawaida mazao hayo angeyauza mwaka huo. Sheria imekubali kwamba msimu haufuati kalenda. Kwetu, ambako mkoa mzima unapanda mwaka huu na kuvuna mwakani, sababu ya kuwa na kipengele kama hicho ni kubwa zaidi, na vyama vya wakulima vingefanya vizuri kupeleka hoja hiyo bungeni Dodoma wakati wa maoni ya bajeti, kabla Sheria ya Fedha haijaanza kazi kila Julai.

Kuna neno moja la kulikataa: "Fedha hii haina kodi," likisemwa na afisa mradi kwa mdomo. Huenda ni kweli, maana Serikali inaweza kusamehe kodi kwa tangazo, na baadhi ya miradi ina mikataba inayogusa kodi. Lakini mwombe namba ya Tangazo la Serikali, au kipengele cha mkataba kinachokutaja wewe mpokeaji. Mara nyingi msamaha unaozungumzwa ni wa mradi wenyewe, kwa vifaa unavyoagiza, na haushuki hadi kwa mkulima. Akikosa karatasi, hesabu kwamba kodi ipo.

Kumbukumbu zitunze miaka 5: barua ya ruzuku, hati ya makabidhiano, risiti, ujumbe wa simu uliochapwa. Karatasi ya joto ya EFD hufifia upesi kwenye nyumba ya bati, hivyo toa kivuli au ipige picha wiki ile ile. Juu ya kila karatasi andika kwa kalamu vitu vitatu: imetoka wapi, ni ya kufanyia nini, na tarehe haki yako ilipokamilika. Ukikadiriwa kodi usiyokubaliana nayo, una siku 30 tangu upokee hati ya makadirio kuwasilisha pingamizi, na siku hizo hazingoji uzitafute karatasi.

Ritani ya mwaka ulioishia 31 Desemba inatakiwa kufika TRA ifikapo 30 Juni, wakati ambao nusu ya wakulima wa Singida wako kwenye mavuno na nusu nyingine wanagombania magari ya kubeba magunia. Kama msimu huu umepokea ruzuku, barua yake ipeleke kwa mhasibu au ofisi ya TRA ya mkoa Januari, ukiwa bado na muda wa kuuliza.